Maswali na Majibu: Sebuleni kwa Akina Harper

Barua za safari hii karibu zote zinahusu komedi za familia za Uingereza, hasa My Family, ile ya Ben Harper, daktari wa meno mwenye hasira za karibu, na familia yake, na Outnumbered, ile ya wazazi waliozidiwa idadi na watoto wao. Tumezifupisha. Maswali yanayofanana tumeyajibu pamoja.

Nimemaliza Fawlty Towers kwa siku mbili: misimu miwili, sehemu sita sita, imekwisha. My Family ina misimu 11 na sehemu 120. Zote mbili ni za BBC. Tofauti hii kubwa inatoka wapi?

Hesabu watu walioandika. Fawlty Towers (1975 na 1979) iliandikwa na watu wawili, John Cleese na Connie Booth. Nusu saa ya komedi ni kurasa 30 hadi 35 za skripti, kwa hiyo sehemu sita zinakaribia kurasa 200 zilizokwisha kusafishwa. Ukiongeza zilizotupwa, unaweza kuzidisha mara tatu. Watu wawili wakitoa hizo kwa mwaka na bado zikachekesha, wamejitahidi sana. Sita ikawa kipimo cha kawaida cha komedi za Uingereza kwa sababu ndicho kiasi ambacho kichwa kimoja au viwili vinaweza kubeba bila kuanza kujirudia.

My Family ilibuniwa na Fred Barron, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi kwenye Seinfeld na Caroline in the City. Alikuja na utaratibu wa kwao: waandishi kadhaa wanakaa chumba kimoja, wanajenga kisa pamoja, mmoja anaondoka na rasimu, kisha wote wanairudia mstari kwa mstari. Msimu wa kwanza, mwaka 2000, ulikuwa na sehemu 8. Wa pili ukapanda hadi 13, idadi ambayo mwandishi wa peke yake angeikimbia.

Utaratibu huo una gharama yake. Chumba kikishazoea, wahusika wote huanza kusema kwa ulimi mmoja: baba anatoa kejeli, mama anatoa kejeli, hata mgeni aliyepiga hodi dakika hiyo naye anatoa kejeli. Anayesema misimu ya mwisho ya My Family inanukia kiwanda hajakosea sana. Misimu ya mwanzo haina harufu hiyo, kwa sababu Robert Lindsay (Ben) na Zoë Wanamaker (Susan) ni waigizaji wa jukwaani wanaojua kufanya kimya kiwe kichekesho.

Jambo dogo la matumizi: tunachoita hapa msimu, Waingereza wenyewe hukiita mfululizo. Kwa Wamarekani, mfululizo ni kipindi kizima tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana orodha mbili za kipindi kilekile huweza kukuchanganya.

Msimu wa 3 wa My Family Janey anatoweka na anatokea msichana anayeitwa Abi, anayejigonga kila mahali. Janey alifukuzwa? Na mbona hakuna anayemlilia?

Janey hakufukuzwa. Ndani ya hadithi amekwenda chuo kikuu Manchester. Nje ya hadithi, Daniela Denby-Ashe alipunguza kushiriki kwa kipindi hicho, kisha akarejea msimu wa 4, na marejeo yake yakaipa familia mjukuu, Kenzo.

Chuo kikuu ni mlango wanaoupenda sana waandishi wa komedi za familia. Hakihitaji msiba, hakihitaji ugomvi, na hakifungi njia: mhusika anaweza kurudi likizo yoyote mwigizaji akipatikana. Ndiyo maana hakuna anayelia. Wangelia, mtazamaji angeanza kumsubiri, na kila sehemu asiyoonekana ingekuwa na deni.

Nafasi ya Janey ndani ya nyumba ilihitaji mtu, lakini mtu wa namna nyingine. Janey alikuwa mjanja, mwenye kuwaweka wazazi mfukoni. Kumleta mjanja mwingine kungefanya kila mtu alinganishe. Kwa hiyo Abi (Siobhan Hayes), jamaa wa upande wa Ben, akaandikwa kinyume kabisa: mpole, asiyejua kejeli, anayeamini kila anachoambiwa. Tazama tena msimu wa 3 ukiangalia Ben tu. Kwa Janey alikuwa anapoteza mabishano. Kwa Abi anashinda mabishano na bado mlango unamgonga usoni. Kris Marshall (Nick) alipojitoa baada ya msimu wa 4, dawa ikawa ileile: akaletwa Alfie, Mwelshi, mpole, asiye na ujanja wa Nick.

Kuna hali ambapo chuo kikuu hakisaidii. Lennard Pearce, aliyekuwa Babu katika Only Fools and Horses, komedi ya ndugu wawili wachuuzi, Del na Rodney, alifariki Desemba 1984 wakati msimu wa 4 umeshaanza kupigwa picha. John Sullivan, mwandishi wake, hakumtafuta mwigizaji mwingine wa kuvaa kofia ileile. Aliandika mazishi ya Babu ndani ya komedi, na kwenye mazishi hayohayo akamwingiza ndugu yake, Mjomba Albert (Buster Merryfield). Mwandishi akijaribu hilo bila kuwa na mkono wa Sullivan, atapoteza kicheko na kilio pamoja.

Kicheko tunachosikia ni cha kweli au kinabandikwa? Na kama ni cha kweli, watu wanachekaje wakati tukio linatokea barabarani?

Kwa My Family na nyingi za aina yake, ni cha kweli, lakini kimeshonwa.

Seti za sebule, jiko na kliniki zimejengwa zikiwa zimepangwa mstari mmoja, kila moja ikikosa ukuta wa nne. Upande huo uliokosa ukuta ndiko kamera zinakotembea, nne au tano, na nyuma ya kamera yako majukwaa ya viti vya watazamaji. Juu ya vichwa vyao zinaning'inia maikrofoni za kunasa vicheko, tofauti na zile zinazofuata waigizaji. Nusu saa ya kipindi huchukua saa mbili hadi tatu kurekodiwa, na katikati yuko mchekeshaji wa kazi hiyo tu, anayewachangamsha watu wakati seti inabadilishwa.

Tatizo linaanza mwigizaji anapokosea mstari. Tukio linarudiwa, lakini kichekesho kilekile kikisikika mara ya pili kimeshapoa kama uji wa jana. Mhariri anazo njia mbili. Ya kwanza: anachukua picha za jaribio la pili na kuweka chini yake kicheko cha jaribio la kwanza. Ukisikiliza kwa makini utakuta kicheko kinaanza mapema kidogo kuliko uso wa mwigizaji. Hapo ndipo mshono ulipo. Ya pili, na ndiyo bora, mwandishi anasimama pembeni na mstari mbadala mfukoni, anaubadilisha palepale, na watu wanacheka upya kwa sababu hawakuutarajia. Vicheko virefu mno navyo hupunguzwa, la sivyo nusu saa haitatosha.

Matukio ya nje hupigwa picha kabla, wiki kadhaa nyuma. Siku ya kurekodi, watazamaji huonyeshwa vipande hivyo kwenye skrini zilizo juu yao, kwa mpangilio wa hadithi, na kicheko chao ndicho kinachorekodiwa. Kila mtu anaikumbuka taa kubwa ya vioo katika Only Fools and Horses, sehemu ya mwisho ya msimu wa 2, Desemba 1982. Del na Rodney wako juu ya ngazi, wameshika turubai chini ya taa moja. Babu yuko ghorofani analegeza skrubu. Wote wanatazama juu, misuli imekaza. Nyuma yao, mbali kidogo, taa nyingine inaporomoka na kusagika sakafuni. Halafu hakuna anayesema neno. Lile lilikuwa jambo la mara moja: taa ikishavunjika hakuna marudio, kwa hiyo waigizaji walipaswa kubaki na nyuso kavu hadi kamera izimwe. Kamera haikuwasogelea wakati wa kuanguka, na ilifanya vizuri. Kichekesho kiko kwenye umbali kati ya turubai na taa, na ukikata picha umekiua.

Zipo zisizo na kicheko kabisa. The Royle Family (1998) ilipigwa kwa kamera moja, karibu yote sebuleni, familia imekodolea macho runinga. Caroline Aherne, mmoja wa waandishi wake, alisimama kidete isiwekwe hadhira. Jaribu kufikiria ule ukimya wa kochi ukipasuliwa na kicheko cha watu mia tatu.

Watoto wa Outnumbered wanaongea kama watoto wa kweli. Wanakariri maneno?

Hawakariri kama watu wazima. Andy Hamilton na Guy Jenkin, walioiandika na kuiongoza, waliwapa Hugh Dennis na Claire Skinner (Pete na Sue Brockman) skripti kamili. Watoto, hasa Daniel Roche (Ben) na Ramona Marquez (Karen), walielezwa jambo muda mfupi kabla ya kamera kuwaka: muulize mama swali hili, usikubali jibu lake la kwanza. Maneno yakawa yao.

Kwa hiyo anayefanya kazi ngumu pale ni mtu mzima. Lazima afike mahali skripti inapotaka, huku akiburutwa na mtoto wa miaka mitano ambaye hajui mahali hapo wala hajali. Ukiangalia Claire Skinner anapojibiwa na Karen, utaona jicho linasita kidogo kabla ya kujibu. Mama wa kweli husita hivyohivyo, na mwigizaji asiyejua kinachofuata naye husita.

Njia hii inakataza hadhira ya ukumbini. Mtoto akichekewa na watu mia, sentensi inayofuata ataisema kwa ajili yao, na hapo umempoteza. Inakataza pia kupiga upande wa mtoto asubuhi na upande wa mzazi mchana, kama filamu nyingi zinavyofanya, kwa sababu mtoto hatarudia maneno yaleyale. Na inaongeza kazi ya uhariri: kutoka kwenye mazungumzo marefu ya kuzungukazunguka unatoa dakika mbili, na kila mkato unapaswa kuficha kwamba mtoto, katikati, aliuliza chakula ni saa ngapi.

Mwisho wa njia hii ni umri. Msimu wa kwanza ulianza Agosti 2007, wa tano ukaisha Machi 2014. Mtoto wa mitano akisema ukweli mchungu mbele ya wageni, watu wanaanguka. Kijana wa kumi na mbili akisema hayohayo ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo ameshajua kwamba anachekesha. Misimu ya 4 na 5 inaegemea zaidi maneno yaliyoandikwa, na unaisikia tofauti.

Nyongeza kwa hilo: sheria inaruhusu mtoto afanye kazi saa ngapi kwa siku?

Kwa kanuni za England za mwaka 2014, zinazotumika sasa: mtoto wa chini ya miaka 5 asizidi saa 5 eneo la kazi, na katika hizo kuigiza kusizidi saa 2, tena bila kupita dakika 30 mfululizo. Wa miaka 5 hadi 8: saa 8 eneo la kazi, 3 za kuigiza. Wa miaka 9 hadi mwisho wa umri wa shule ya lazima: saa 9 na nusu, 5 za kuigiza. Kwa makundi haya mawili ya wakubwa, kuigiza bila kupumzika kusizidi saa 2 na nusu. Kibali hutolewa na halmashauri ya mahali mtoto anapoishi, lazima awepo mlezi mwenye leseni ikiwa mzazi au mwalimu wake hayupo, na siku za shule masomo hupangiwa saa 3.

Weka hesabu hiyo mezani utaelewa kwa nini komedi nyingi za familia hupenda vijana waliovuka umri wa shule ya lazima, au humficha mtoto mchanga ghorofani "amelala".

Komedi za zamani picha inabadilika ghafla wakitoka nje: ndani inang'aa na kuteleza, nje ina chembechembe. Nikihamishia sahani zangu za DVD kwenye kompyuta, picha za ndani zinaota mistari kama meno ya kitana. Ninakosea wapi?

Mambo mawili tofauti, chanzo kimoja. Hadi miaka ya 1980 ndani ya studio walirekodi kwa kamera za mkanda, nzito, zilizofungwa nyaya. Nje walitumia filamu ya milimita 16, ambayo mtu anaibeba begani. Filamu inatoa picha 25 kwa sekunde. Mkanda unatoa nusu-picha 50 kwa sekunde: moja ina mistari ya namba shufwa, inayofuata ina ya namba witiri, kila moja imenaswa wakati wake. Ndiyo maana mwendo wa ndani unateleza zaidi.

Mistari ya kitana inatokea programu inapoziunganisha nusu-picha mbili za nyakati mbili kuwa picha moja. Mkono wa mwigizaji umeshasogea kati ya ya kwanza na ya pili, basi kingo zake zinachanika. Rekebisha hivi: kwenye programu ya kubadilisha faili, washa kichujio cha kutenganisha nusu-picha (deinterlace), kisha chagua matokeo ya fremu 50 kwa sekunde. Ukichagua 25 mistari itaondoka, lakini nusu ya mwendo nayo umeitupa, na sebule itaanza kufanana na filamu ya nje. Hakikisha pia mpangilio wa nusu-picha ni sahihi. Ukigeuzwa, watu watatetemeka mbele na nyuma kama wana homa. Usibadilishe ukubwa wa picha kabla ya kutenganisha, kwa sababu ukishapunguza urefu, mistari imechanganyika na haitenganishiki tena.

Zipo pia ambazo hakuna kichujio kitakachozisaidia. Steptoe and Son, ya baba na mwanawe wakusanya vyuma chakavu, ilirekodiwa kwa rangi mwaka 1970, lakini sehemu nyingi za mwaka huo zimebaki nyeusi na nyeupe tu. Mikanda ya awali ilifutwa ikatumika tena, na kilichookoka ni nakala ambazo waandishi, Ray Galton na Alan Simpson, walikuwa wamejiwekea.

Wimbo niliousikia hewani kwenye Only Fools and Horses haupo kwenye sahani. Nakala bandia?

Huenda ni halali kabisa. Kibali cha kupiga muziki hewani na kibali cha kuuza nakala yenye muziki huo ni vitu viwili. Cha pili kikishindikana au kikiwa ghali, muuzaji hubadilisha wimbo, au hukata tukio zima. Only Fools and Horses imeguswa sana na hilo, kwa kuwa matukio mengi yako baa au disko, redio inaimba nyuma. Mwongozo wa haraka: linganisha muda. Ikipungua sekunde chache au dakika, kuna tukio limekatwa. Muda ukilingana na muziki ni wa vyombo tu, wimbo umebadilishwa.

Nataka kuandika msimu wa komedi ya familia wa sehemu sita kwa mtindo huu. Nianze na nini?

Usianze na vichekesho. Andika kwanza kwa nini watu hawa hawawezi kuondoka. Ben Harper angekuwa na furaha akiishi peke yake, na kila sehemu inamrudishia mtu mmoja zaidi nyumbani. Hiyo ndiyo injini, nayo inatosha mistari miwili ya karatasi.

Kisha wahusika wanne au watano, si zaidi, kila mmoja akitaka jambo linalomkera mwenzake. Jipime hivi: funika majina kwenye ukurasa wa skripti. Kama huwezi kujua nani anasema, una mhusika mmoja mwenye majina matano.

Seti tatu za kudumu na moja ya kubadilika kwa kila sehemu. Kila nusu saa ipe visa viwili, kikubwa na kidogo, ambavyo vinagongana kabla ya dakika tano za mwisho. Visipogongana, kile kidogo kifute. Sehemu ya kwanza isipoteze dakika kumi kutambulisha watu. Outnumbered inaanza na asubuhi ya kupeleka watoto shule, na hadi mlango unafungwa umeshamjua kila mtu.

Penye kuharibika zaidi ni sehemu ya tatu na ya nne. Ya kwanza na ya pili zilikaa kichwani miaka, ya sita unaijua mwisho wake, hizi za katikati zinaandikwa kwa uchovu, na ndipo anapoletwa mgeni wa ajabu asiyehitajika. Ziandike hizo mwanzo, ungali na nguvu.

Kwa nini Friday Night Dinner ni dakika 23 au 24 na My Family inakaribia 30?

Friday Night Dinner ni ya Channel 4, yenye matangazo ya biashara, na nafasi ya nusu saa inagawanywa nayo. BBC One haina matangazo hayo. Ukikuta My Family ya dakika 22 kwenye chaneli nyingine, imekatwa, na kinachokatwa kwanza huwa kisa kidogo.